Jinsi ya kumchagua mtu wa historia wa kula naye chakula cha jioni

Julai hapa Mafinga, saa moja usiku kila mtu yuko ndani. Ukungu unashuka kutoka kwenye mipaini, jiko la mkaa linaingizwa sebuleni, mlango tunauacha wazi kidogo ili hewa ipite, na ukoo mzima uliokuja likizo unabanana hapo mpaka usingizi uwaite. Huo ndio wakati wa mchezo wetu: kila mtu ataje mtu mmoja wa historia ambaye angemkaribisha chakula cha jioni, kisha amtetee mbele ya wote. Jaji ni Bibi.

Mwaka wa kwanza nilimtaja Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nikajua nimeshinda. Bibi akaniuliza, "Utamlisha nini?" Nikajibu wali na kuku. "Atakaa wapi?" Nikaonyesha sofa. "Na utamwuliza nini?" Nikasema nitamwuliza aliwashindaje Wajerumani pale Lugalo. Mtoto wa kaka yangu, wakati huo yuko darasa la sita, akanyoosha mkono akaeleza vita nzima kwa dakika mbili, mpaka tarehe. Bibi akatingisha kichwa: "Mjukuu wangu, umemtoa mtu kaburini aje akusomee daftari la mtoto?"

Tangu siku hiyo nimeuchukulia mchezo huu kwa uzito. Utaratibu ninaoufuata ndio huu. Unafaa sebuleni, unafaa darasani, na unafaa hata kwenye usaili wa kazi, maana siku hizi huko nako wanauliza swali hili.

Kwanza, wekeni masharti

Sisi tuna masharti manne. Mgeni awe amekufa. Awe mmoja. Mlo ni mmoja, na ukiisha anarudi alikotoka. La nne aliliweka Bibi na ndilo linalowaangusha wengi: useme nani atatafsiri. Hairuhusiwi kusema "tutaelewana tu". Ukimwita Mtwa Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, ambaye sisi tumemfupisha kuwa Mkwawa, atakusalimu kwa Kihehe na atategemea umjibu kwa Kihehe. Mwaka jana tulihesabu: pale sebuleni watoto saba wanajua salamu ya "kamwene" na hapo ndipo lugha yao inapoishia. Kwa hiyo kila anayemkaribisha Mhehe wa zamani analazimika kumwajiri Bibi kuwa mkalimani, na Bibi naye anadai sahani yake, tena yenye paja.

Pili, tafuta swali kabla ya jina

Wengi huanza na jina kubwa kisha wakahangaika kutafuta la kuuliza. Geuza. Kaa na kikaratasi ujiulize ni jambo gani la zamani linalokukereketa na hujapata mtu wa kukujibu. Ukilipata swali, mwenye jibu utamjua.

Halafu lipime. Kipimo changu ni lile daftari la darasa la sita. Lugalo iko mle yote: tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, kilikuwa kikitembea kwa mstari mrefu, Wahehe walikuwa wamejificha kwenye mawe na vichaka, wakatoka na mikuki kwa ghafla kiasi kwamba askari wengi hawakuwahi kutumia bunduki zao, Zelewski akauawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Ukimwuliza Mkwawa hayo utapoteza nyama yako.

Swali linalofaa hugusa mahali ambapo mtu alikuwa na njia mbili mbele yake akachagua moja. Kwa mfano: Lugalo ulimpiga adui akiwa njiani, porini, hana pa kujificha. Mbona miaka mitatu baadaye ulimngojea Kalenga, nyuma ya ukuta wa mawe, wakati ulishajua ana mizinga? Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome hiyo iliangukia mikononi mwa majeshi ya gavana von Schele. Watu wa huku hulieleza hata jina la Tosamaganga kwa vita hiyo, kwamba ni kilima ambako "mawe", yaani risasi za mizinga, yalirushwa kuelekea Kalenga. Wataalamu wa historia wana maelezo yao kuhusu uamuzi ule, na mengine yana mantiki. Lakini ni maelezo yao. Mwenyewe hakuacha neno.

Au swali dogo zaidi, ambalo mimi nalipenda kuliko hilo: jioni ya Lugalo, uliwaambia nini akina mama ambao wana wao hawakurudi? Kwa maana Wahehe nao walikufa siku ile, wengi, na ushindi tunaousherehekea uliingia katika nyumba nyingi kama msiba.

Tatu, andika majina matatu ya aina tatu tofauti

Jina la kwanza liwe la yule anayetajwa na kila mtu. Usione haya, ametajwa sana kwa sababu.

La pili liwe la mtu aliyesimama karibu naye, akafunikwa na kivuli chake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipompata mgeni wangu wa mwaka huu. Mkwawa alikuwa na ndugu aliyeitwa Mpangile. Mwaka 1896, Mkwawa akiwa bado yuko porini anawindwa, Mpangile alijisalimisha kwa Wajerumani. Mwishoni mwa mwaka huo huo wakamtawaza awe mtawala wa Wahehe, pale Iringa mpya waliyokuwa wameijenga. Februari 1897 wakamnyonga wao wenyewe, wakimtuhumu kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Kama miezi miwili tu kwenye kiti! Kalenga wageni hupiga picha na fuvu la Mkwawa. Mpangile sijaona anayemwulizia. Na mimi nina swali moja tu kwake: usiku ule kabla hawajakutawaza, ulikuwa unamwokoa nani? Kaka yako, watu wako, au wewe?

Jina la tatu liwe la mtu ambaye akitajwa sebuleni watu wataguna. Adui, shahidi, mgeni aliyepita. Mwaka juzi mimi nilimtaja Sir Edward Twining, gavana wa Tanganyika, na shemeji yangu karibu amwage chai. Lakini sikiliza. Mkwawa alipokufa, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaandika kabisa, katika kifungu cha 246, kwamba fuvu la Mkwawa likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza. Halikukabidhiwa. Ikapita miaka zaidi ya thelathini mpaka Twining alipokwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu kwa mamia. Yakachujwa kwa vipimo, vikalinganishwa na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, likapatikana moja, na mwaka 1954 likarudishwa Kalenga, ambako lipo hadi leo. Swali langu kwa gavana, baada ya supu: ulikuwa na hakika kweli kwamba ni lenyewe? Ningemwangalia macho, siyo mdomo.

Bibi alinipa alama nyingi kwa swali, akanikata kwa mgeni. "Huyo," alisema, "atataka kisu na uma."

Wenye umri mdogo msiwabane sana kwenye majina. Yule mtoto wa kaka yangu, sasa yuko sekondari, alileta mtu asiye na jina kabisa: mmoja wa wale waliochonga mashoka ya mawe ya Isimila, kule kwenye nguzo za udongo nje kidogo ya Iringa mjini, barabara ya Mbeya. Zana hizo zilitambuliwa mwaka 1951 na umri wake unahesabiwa kwa malaki ya miaka. Alipoulizwa kuhusu mkalimani akajibu, "Shangazi, huyo simwulizi kitu. Nampa jiwe na mimi nachukua jiwe, ananionyesha." Alishinda mwaka ule na sikupinga.

Nne, chagua tarehe ya kumtoa

Hatua hii watu huiruka, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mtu hana umri mmoja. Ukisema "namkaribisha Nyerere", swali la kwanza la Bibi ni "yupi?" Yuko Nyerere wa Julai 1954, mwalimu aliyekabidhiwa TANU changa, mwaka ule ule ambao fuvu lilirudi Kalenga. Yuko wa Februari 1967, Azimio la Arusha wino wake haujakauka. Yuko wa Novemba 1985 anayekabidhi ofisi. Hao ni wageni watatu tofauti, na kila mmoja anajua yaliyotokea mpaka siku uliyomchukua, hayajui yanayofuata. Shemeji yangu, Mnyakyusa wa Tukuyu asiyekubali kushindwa, alimtaka wa 1985 amwulize kuhusu vijiji vya ujamaa. Kaka akamtaka wa 1967 ili amwonye. Wakabishana mpaka mkaa ukazima, na nadhani kaka alikosea: ukimleta mtu ili umwonye, mzungumzaji utakuwa wewe, naye atakuwa msikilizaji wa chakula chako.

Rudi kwa Mkwawa. Mchukue wiki moja baada ya Lugalo, Agosti 1891: atakuja na watu, atakuja na sauti, kila jibu litakuwa na hadhira nyuma yake. Utasikia mengi matamu na machache ya kweli. Sasa mchukue mwanzoni mwa Julai 1898. Kalenga imeanguka karibu miaka minne iliyopita. Kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Mpangile amekwisha kunyongwa. Watu waliokuwa wakimlisha kwa siri wamechoka au wamekamatwa. Amebaki na watu wa kuhesabu kwa vidole, anahamahama upande wa Mlambalasi, njia ya kwenda Ruaha, katika baridi hii hii mnayoilalamikia mkiwa na jiko sebuleni. Tarehe 19 mwezi huo, wanaomfuata watakapokaribia, atajipiga risasi.

Huyo wa pili atazungumza. Hana wa kumridhisha tena. Lakini uwe na moyo, maana unamwalika mtu mwenye njaa na siku chache, halafu unataka kumhoji.

Kipimo cha tarehe ni hiki: mgeni awe ameshafanya lile unalotaka kumwuliza, na awe hajapata muda wa kulipamba. Kwa Mpangile nilihangaika sana. Nikimchukua baada ya kutawazwa atakuwa na walinzi. Nikimchukua Februari atakuwa na kamba akilini. Nikaishia kwenye usiku wenyewe wa kuamkia kutawazwa, ingawa kwa kipimo changu ni mapema kwa saa chache. Kanuni ni yangu, naweza kuivunja.

Tano, hakiki ujirani

Hili ni fupi. Kama mnafanya mchezo wa meza moja, kila mtu alete mgeni wake wakutane, angalieni nani ana kesi na nani. Msimketishe Mkwawa karibu na Merere, mtawala wa Wasangu. Wahehe waliwang'oa Wasangu kutoka Usangu, nao Wasangu wakahamia Usafwa, karibu na ilipo Mbeya ya leo, na ndiyo maana mpaka sasa kuna Utengule mbili. Merere akajiunga na Wajerumani, na vita ilipoisha Wasangu wakarudi kwao. Mkiwaweka pamoja hamtapata mazungumzo, mtapata Utengule ya tatu. Na msisahau wanawake, meza zetu za historia zina wanaume watupu. Mtu wa Songea akiwapo, atamleta Nkomanile, kiongozi wa kike wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906 pamoja na wanaume wa vita ya Majimaji. Mpeni kiti kizuri.

Sita, panga chakula cha wakati wake

Bibi hapa hana huruma. Kanuni yake ni kwamba mgeni asikute sahani nzima ya vitu asivyovijua. Ukimwita mtu wa miaka ya 1890 kutoka Uhehe, viazi mviringo weka pembeni, vilikuja na Wazungu. Chai ya Mufindi nayo ondoa. Mashamba hayo tunayojivunia yalipandwa baadaye, enzi za ukoloni, na Mkwawa hakupata kuyaona. Sukari, usiiweke mezani kabisa.

Pika ugali wa ulezi. Nyama ya ng'ombe, kwa sababu hawa walikuwa watu wa ng'ombe na vita vyao vingi vilihusu ng'ombe. Majani ya maboga, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Kuhusu kinywaji, kaka yangu kila mwaka hutaja ulanzi, na kila mwaka tunamkumbusha kwamba mianzi hugemwa wakati wa mvua. Julai hakuna ulanzi wa maana. Atakayekuuzia anakuuzia siki. Tengeneza ugimbi, pombe ya nafaka, uanze siku kadhaa kabla. Mgeni wa Rungwe ungempa kimpumu, pombe ya Wanyakyusa, na mrija wake, ila shemeji anasema hakuna Mhehe anayejua kukitengeneza, nami sibishani na mtu anayetetea kwao. Yeye ndiye pia anayeuliza kama kwenye nyama mmehakikisha hakuna mbwa. Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa; utani huo tumeuzoea, tungeshangaa asipoutoa.

Mahali pa kukaa: kigoda, siyo sofa. Sofa linamzamisha mtu. Na kama umemchukua yule wa 1898, mkalishe akiangalia mlango. Mtu aliyewindwa miaka minne hawezi kumeza tonge ameupa mlango mgongo.

Saba, usianze na swali lako

Maji ya kunawa yamiminwe na mdogo kuliko wote. Salamu zichukue muda wake: za nyumbani, za mifugo, za mvua. Ulizia ng'ombe, naye atakuuliza wa kwako, na hapo utaona aibu ya kujibu kwamba huna hata mmoja. Swali lako lisubiri mpaka mkono wake umepungua kasi kwenye sinia. Uliza mara moja. Akinyamaza, usilirudie kwa maneno mengine kama mwandishi wa habari, mpe nyama. Mwaka huu nilipokuwa namkaribisha Mpangile (sisi huigiza, mtu mmoja anakuwa mwenyeji na Bibi anajibu anavyodhani mgeni angejibu), niliuliza lile swali la unamwokoa nani. Bibi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwa Kihehe kitu ambacho aligoma kukitafsiri. Akasema tujifunze.

Nane, kumsindikiza

Kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho. Unatoka naye mpaka njiani. Na hapa kuna jambo mnapaswa kulikubaliana kabla ya mchezo kuanza, maana sisi hatukukubaliana: je, unamwambia? Unatembea gizani na mtu wa Julai 1898, unajua tarehe 19, unajua Bremen, unajua kabati la kioo Kalenga ambako watoto wa shule hupanga foleni kumwangalia. Kaka anasema lazima aambiwe, ni haki yake. Mtoto wa kaka anasema ukimwambia tu basi Iringa yote inabadilika, pengine na sisi hatupo. Shemeji akasema mwambie nusu: mwambie atarudi nyumbani, usimwambie namna.

Bibi alikuwa ameshaanza kusinzia. Akafungua macho akasema, "Nje kuna baridi. Mpe mgolole, ile shuka ya kujifunika." Shemeji akapinga kwamba mgolole wa sasa ukikutwa Mlambalasi utakuwa umeharibu historia, Bibi akamwambia basi avue wake wa zamani ampe, na ubishi ukaanza upya kuanzia hapo.